Muulize Mjomba: Nani mbabe, Iron Man au Doctor Doom?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Tangu utotoni mimi ni wa Iron Man, yaani Tony Stark akiwa ndani ya deraya yake ya chuma. Mdogo wangu ameanza kusoma katuni za Marvel juzi tu, na tayari ananiambia Doctor Doom angemmaliza Tony Stark kwa dakika mbili. Hoja yake: Doom ana sayansi na uchawi, Stark ana sayansi peke yake. Hoja yangu: Stark ana deraya ya kila kazi, ya angani, ya chini ya bahari, hadi ya kupambana na Hulk, lile jitu la kijani. Tukatie mzizi wa fitina. Na tafadhali usituambie "inategemea nani kaandika", hilo tunalijua.

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Wakikutana ghafla, bila yeyote kujiandaa, Doom anashinda. Nimelisema mapema ili usidhani natafuta pa kujificha. Ila sababu aliyotoa mdogo wako haitoshi, na wewe usinune, kwa sababu pambano la pili ni lako.

Tuanze na vifaa, halafu tuviache, maana ubishi wa vifaa hauna mwisho. Wote wawili wanaruka. Wote wawili deraya inawapa nguvu za kuinua vitu ambavyo binadamu wa kawaida hata kuvitikisa hawezi. Stark anafyatua mionzi ya kusukuma kutoka viganjani, na kifuani ana mwale mkubwa zaidi. Doom naye ana mionzi yake, ana ukuta wa nguvu usioonekana unaomzunguka, na ukithubutu kumshika, deraya inakupiga umeme. Ongeza uchawi aliourithi kwa mama yake, na roboti zinazofanana naye kiasi kwamba hujui kama uliyempiga ndiye. (Hizo roboti zimewaokoa waandishi wengi. Kila Doom akifanya upuuzi kwenye hadithi mbovu, baadaye tunaambiwa hakuwa yeye.) Kwa orodha tupu, Doom yuko mbele, na deraya zote za Stark ulizonitajia hazifuti pengo hilo, kwa sababu hawezi kuzivaa zote kwa mpigo.

Lakini angalia kila deraya ilivyozaliwa. Ya Stark ilianza kama tiba. Katika jarida la katuni Tales of Suspense namba 39, la Machi 1963, Stark ni mtengenezaji wa silaha aliyekwenda Vietnam kuona bidhaa zake zinavyofanya kazi. Anakanyaga mtego, vipande vya chuma vinamwingia kifuani na kuanza kuusogelea moyo, kisha anatekwa. Mateka mwenzake, profesa mzee aitwaye Yinsen, anamsaidia kutengeneza kifua cha chuma cha kuuweka moyo hai, na kukizunguka kile kifua wanajenga deraya nzima. Inapokamilika haina nguvu za kutosha. Inabidi ijazwe kwanza, na walinzi wanakuja. Yinsen anatoka mbio akiwapigia kelele walinzi ili kununua dakika chache, anapigwa risasi, na Stark amelala pale juu ya meza, hawezi kunyanyuka, anasubiri umeme ujae. Naipenda picha hiyo kuliko zote za Iron Man akiruka. Shujaa wetu anazaliwa akiwa amelala chali, anamngoja mtu mwingine afe kwa ajili yake.

Na hakupona mara moja. Kwa miaka kadhaa ya hadithi, Stark alikuwa akimaliza pambano anajikokota kutafuta soketi ya ukutani achomeke waya wa kifua chake kabla moyo haujasimama. Upasuaji wa moyo aliupata mwaka 1969. Kwa hiyo tangu mwanzo deraya ilimfundisha kitu ambacho tajiri kama yeye asingejifunza kwa njia nyingine: kuna saa itazimika, na ikizimika anahitaji msaada.

Ya Doom ilianza na kosa la hesabu. Habari hiyo iko kwenye toleo maalumu la mwaka la Fantastic Four, jarida la kundi la mashujaa wanne, la pili, mwaka 1964. Victor von Doom, kijana yatima wa jamii ya Waroma (wale wahamaji wa Ulaya) kutoka nchi ya kubuni ya Latveria, anapata nafasi ya kusoma chuo Marekani. Anajenga mashine ya siri ya kuufikia ulimwengu wa wafu. Mwanafunzi mwenzake, Reed Richards, ambaye baadaye ataongoza Fantastic Four, anaingia chumbani, anaona karatasi zake, anamwambia baadhi ya hesabu zina kasoro. Doom anamfukuza. Mashine inalipuka, uso unaumia, chuo kinamtimua. Anakwenda hadi Tibet, kwa watawa wanaomfulia deraya na barakoa, na barakoa anaivaa kabla chuma hakijapoa. Tangu siku hiyo, kwa maelezo yake, aliyeharibu ile mashine ni Richards.

Sasa fungua michoro ya wote wawili uiweke pamoja. Deraya ya kwanza ya Iron Man ilikuwa ya kijivu, nzito, kama pipa lenye miguu. Toleo lililofuata watu kwenye sarakasi wanamwona na kuogopa, mwanamke aliyefuatana na Stark anapendekeza apake rangi ya dhahabu, na anapaka. Kabla mwaka 1963 haujaisha, katika namba 48, Stark anaona ule uzito unauchosha moyo, anaitupa, anachonga nyepesi ya nyekundu na dhahabu iliyochorwa na Steve Ditko. Deraya tatu ndani ya mwaka mmoja! Na hajaacha mpaka leo. Doom yeye alitokea kwanza kwenye Fantastic Four namba 5, Julai 1962, mkono wa Jack Kirby, na ukimchukua wa siku ile ukamweka karibu na wa leo utamtambua bila kuuliza: joho la kijani lenye kofia, barakoa ya chuma yenye misumari, mkanda. Zaidi ya miaka sitini. Bila shaka, sababu moja ni kwamba Kirby alipatia mara ya kwanza na hakuna mchoraji mwenye akili anayetaka kumharibu. Lakini inalingana na tabia yake. Stark akipigwa anarudi karakana kuuliza wapi pamevuja. Doom akipigwa anauliza nani kamsaliti.

Hapo ndipo ninapompa Stark pambano la pili, na la tatu.

Mfano wa tabia hiyo ni mwishoni mwa 1966 kuingia 1967, Fantastic Four namba 57 hadi 60. Doom anamwalika Silver Surfer, kiumbe wa angani mwenye nguvu za ajabu, kwenye ngome yake, anamlaghai, anamnyang'anya nguvu zake zote kwa mashine. Hebu fikiria: nguvu za ulimwengu ndani ya mtu ambaye tayari ni bingwa wa sayansi na uchawi. Hakuna wa kumgusa. Anazitumiaje? Kwa kuwachezea watu na kujisifu. Richards anamchokoza kwa chombo kinachoruka, Doom anakifukuza juu angani, anajigonga kwenye kizuizi ambacho Galactus, bwana wa zamani wa Surfer, alikuwa ameweka ili Surfer asiondoke duniani. Alichukua nguvu za mtu bila kuuliza mtu huyo kafungwa na nini. Asiyesikia la mkuu, wahenga walishamaliza.

Sasa ugomvi wenyewe mnaotaka. Uko kwenye Iron Man namba 149 na 150, mwaka 1981, kazi ya David Michelinie, Bob Layton na mchoraji John Romita Jr. Chanzo chake ni biashara tu: vifaa vya kampuni ya Stark vilikuwa vinauzwa Latveria, Stark akagoma visifike, Doom hakukubali. Iron Man anamfuata hadi kwenye ngome. Wakiwa katikati ya kutwangana, fundi wa Doom mwenyewe, Hauptmann, anawasha mashine ya kusafiri katika muda na kuwatupa wote wawili enzi za Mfalme Arthur. Kwa nini fundi amsaliti bosi wake? Kwa sababu miaka ya nyuma, 1969, Doom alimuua ndugu yake, aliyekuwa karibu kuunguza michoro ya thamani kwenye ngome akiwalenga maadui kwa moto. Doom akaona heri mtumishi afe kuliko picha. Ona sasa lilivyomrudia: ukuta wa nguvu anao, umeme anao, uchawi anao, akaangushwa na kibarua aliyesimama nyuma yake.

Huko zamani Stark anaingia upande wa Arthur, Doom upande wa mchawi Morgan le Fay. Doom anaongoza jeshi la wafu kwa makubaliano kwamba Morgan atamsaidia kuikomboa roho ya mama yake. Stark anamvurugia mpango, Morgan anatoroka, na Doom anabaki na hasira ambayo, kwa mara moja, unaielewa. Halafu wanakaa pale, karne nyingi kabla ya umeme, hakuna wa kuwarudisha nyumbani. Inabidi kila mmoja avunje sehemu za deraya yake, waunganishe vifaa vya wote wawili kutengeneza mashine ya kurudi. Mafundi wawili wanaochukiana, wamevuliwa nusu ya silaha, kila mmoja anashika sakiti za mwenzake. Kama mdogo wako hajaisoma hiyo, ubishi wenu bado haujaanza.

Kabla hujashangilia, Stark naye si malaika wa kusikia ushauri. Katika matoleo ya 1987 na 1988 alipogundua siri za deraya yake zimeibwa na kuuzwa, alianza kuwavamia wote aliodhani wanazo, wahalifu kwa maofisa wa serikali, na mtu akafa ndani ya deraya ya Titanium Man, mmoja wa maadui zake. Miezi ile alifanana na Doom kuliko mashabiki wake wanavyopenda kukumbuka. Na pombe ilishamwangusha 1979, ikamwangusha tena mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi rafiki yake James Rhodes akaivaa deraya badala yake. Ila tazama: deraya ya Stark ilivaliwa na rafiki, kazi ikaendelea. Doom ana nani wa kumwachia yake? Ana roboti.

SWALI: Mjomba, chini ya ile barakoa kuna nini hasa? Rafiki yangu anasema Doom ana kovu dogo tu, kwamba hadithi yote ya uso ulioharibika ni majivuno yake.

JIBU: Rafiki yako ana shahidi mkubwa. Kirby mwenyewe alikuwa na wazo kwamba mlipuko ulimwachia kovu dogo, na mtu aliyejiona mkamilifu hakuvumilia hata hilo, akajifungia ndani ya chuma. Baadaye, mwaka 1985, mwandishi na mchoraji John Byrne alizipatanisha hadithi zote mbili: mlipuko ulimjeruhi, lakini uso uliungua vibaya pale alipojivika barakoa ya moto kwa haraka zake mwenyewe. Kwangu hiyo ndiyo bora. Yaani jeraha kubwa kajipa mwenyewe, kwa sababu hakutaka kusubiri chuma kipoe, na bado anamdai Richards.

SWALI: Ni kweli kwamba kuna wakati Doom mwenyewe alikuwa Iron Man? Nimeambiwa nikadhani nataniwa.

JIBU: Hutaniwi. Ni mfululizo wa mwaka 2016, Infamous Iron Man, wa Brian Michael Bendis na mchoraji Alex Maleev. Stark yuko hoi, hajitambui, na Doom anaamua kuziba nafasi yake. Maleev alimchora na deraya ya kijivu ya Iron Man, lakini joho la kijani hakulivua, na nadhani hilo linasema yote kuhusu uongofu wake.

Ili umwelewe lazima urudi nyuma kidogo, kwenye hadithi ya Secret Wars iliyoanza 2015. Humo Doom ndiye mungu wa mabaki ya ulimwengu; aliuokoa kweli, kisha akajiweka kwenye kiti cha enzi na kuichukua familia ya Richards akaifanya yake. Mwishoni wanapigana, na Richards anamwambia usoni kwamba hata Doom anaamini Richards angeifanya kazi ile vizuri zaidi. Doom anakiri. Anapiga kelele kwa hasira, lakini anakiri. Mtu aliyekataa kusahihishwa hesabu chumbani mwaka 1964 anakubali kusahihishwa ulimwengu mzima. Richards anamponya uso, na Doom wa Infamous ni huyo aliyeamka na uso mzima, hajui aufanyie nini. Wema wake wa humo unachekesha kidogo: anawakamata wahalifu kama mfalme anayekusanya kodi, na Ben Grimm wa Fantastic Four, aliyemjua tangu chuo, anamfuatilia kila hatua akisubiri aharibu. Haukudumu. Uso ukaungua tena, barakoa ikarudi.

SWALI: Doom ni mwovu kweli? Latveria watu wanaonekana wanaishi kwa amani, wanamsherehekea.

JIBU: Wanasherehekea kwa amri, bwana. Lakini swali lako si la kipuuzi. Mwaka 1987 kulitoka kitabu, Emperor Doom, ambamo Doom anamtumia Purple Man, mtu ambaye lolote asemalo watu hulitii, na kuitawala dunia nzima bila vita. Mambo yanakwenda sawa! Njaa inapungua, vita vinakoma. Na Doom anachoka. Dunia aliyoitaka maisha yake yote imegeuka rundo la karatasi za kutia sahihi, hakuna wa kumpinga, hakuna wa kumwonyesha kwamba ni mkuu. Shujaa Wonder Man anawazindua wenzake wa kundi la Avengers, wanakuja kumwondoa, na unamwona Doom kama mtu aliyepata nafuu. Tatizo lake mimi siliiti ukatili tu. Hawezi kufanya jema bila watazamaji.

SWALI: Nani tajiri zaidi kati yao?

JIBU: Doom. Stark ana kampuni, na kampuni inaweza kuporwa. Mfanyabiashara mpinzani wake, Obadiah Stane, alimpora ya kwake miaka ya 1980. Doom ana nchi, jeshi, hazina na kinga ya kidiplomasia. Akivunja jengo la watu Marekani, anapanda ndege anarudi kwake na polisi wanabaki wanamwangalia.

SWALI: Kama Robert Downey Jr., aliyeigiza Iron Man, ndiye Doom kwenye filamu ijayo, ina maana Doom ni Tony Stark aliyegeuka mbaya?

JIBU: Hili nimeulizwa na wengi tangu Julai 2024, alipovua barakoa jukwaani kwenye tamasha la katuni la San Diego na watu wakapiga mayowe. Filamu, Avengers: Doomsday, imepangwa kutoka Desemba 2026, na mimi sipigi ramli. Vitabuni Doom ni Victor wa Latveria, mwisho wa maneno. Kuna hadithi moja ya pembeni ya mwaka 2010, ya zile za "ingekuwaje kama", ambamo Stark na Doom wanakaa chumba kimoja chuoni badala ya Doom kukutana na Richards, na Doom anabadilishana mwili na Stark. Itafute. Ukiisoma utaona kwamba kumpa mtu mmoja sura zote mbili si uchokozi uliobuniwa na watu wa sinema.

Ninachokiogopea ni kingine. Sura ya Downey ndiyo watu wanayolipia tangu 2008, na Doom ni mhusika ambaye uso wake hatupaswi kuuona. Nitakuwa nahesabu dakika barakoa inavyovuliwa.

SWALI: Mjomba, mimi ni mgeni kabisa. Nianzie wapi nisipotee?

JIBU: Usianze na matoleo ya kwanza ya 1963, yatakuchosha kwa transista, wakati huo kila muujiza wa Stark ulielezwa kwa transista. Anza na yale mawili ya 1981 niliyoyataja, yanasomeka kwa kikao kimoja na hayahitaji utangulizi. Yakikunasa, kuna ya pili yake, Iron Man 249 na 250 ya mwaka 1989, timu ileile ya Michelinie na Layton, safari hii wanatupwa mbele hadi mwaka 2093. Kisha soma toleo maalumu la 1964 ujue Doom alikotoka. Maneno ni mengi, vumilia.

Kile cha mwaka 1989 cha Roger Stern na Mike Mignola, Triumph and Torment, kiweke cha mwisho. Iron Man hayumo. Ni Doom na mchawi shujaa Doctor Strange wanashuka kwa ibilisi Mephisto kuidai ile roho ya mama ambayo Doom aliikosa kwa Morgan. Ukikisoma kabla ya vingine utaona ni hadithi nzuri ya uchawi. Ukikisoma baada yake, utanipigia simu.